Dume Yuko Pangoni

Mtaani kwetu, upande ule wa Kitale unaotazama mlima Elgon, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Deputi, naibu wa mwalimu mkuu. Alistaafu, shule ikapata deputi mwingine, na huyo mwingine akaitwa "yule mpya" mpaka naye akahamishwa. Hata pasta akimwombea kanisani alisema, "Ee Bwana, mkumbuke Deputi," na nadhani Bwana alijua ni yupi.

Mimi ni jirani yake. Kinachotutenganisha ni ua wa michongoma tu. Nina duka la agroveti mjini, la dawa za ng'ombe na chakula cha kuku. Alinifundisha pia, kama kuchapwa ni kufundishwa. Mpaka leo ananiita "wewe wa benchi la nyuma", hata mbele ya wateja, hata siku nilipomleta mama mkwe wangu kumsalimu, na mimi kichwa kizima kimejaa mvi.

Samaki hawakuwa wazo lake. Kwetu mwalimu akistaafu hupewa ndama wa gredi, wa mbegu ya kisasa, na Deputi alikuwa ameshajenga zizi, amepanda majani, amenunua kamba kwangu tena ile nene. Siku ya kuagwa walimu wenzake wakaingia na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha meza. Kilipofunuliwa kilikuwa sanduku la kioo, ndani yake maji, kipande cha gogo, na samaki wawili weusi waliokwenda kujificha nyuma ya gogo hilo papo hapo. Mwalimu wa bayolojia ndiye aliyewashawishi wenzake. Alisema samaki watamtuliza moyo. Deputi alishukuru kwa hotuba ndefu ambamo neno "ng'ombe" lilitajwa mara nyingi kuliko neno "asante".

Samaki wenyewe huitwa pleko. Mkubwa wao hapiti kiganja cha mtu. Mdomo uko upande wa chini, na kazi yao ni kunyonya utelezi wa kijani kwenye kioo na kutafuna gogo polepole. Jike ana uso mtupu. Dume ana ndevu, tena ndevu za nyama, zenye matawi kama tangawizi, zimeota juu ya pua mpaka kwenye paji. Ukimtazama kwa karibu utadhani ni babu ya mtu aliyekasirishwa.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kumshangaa Deputi. Huyu ndiye aliyesimama getini miaka yote na wembe, akiwashika videvu wavulana wa kidato cha nne mmoja mmoja. "Ndevu ni uasi unaoanza usoni," alikuwa akisema. Mimi mwenyewe nilinyolewa bila maji, na alama ninayo. Leo mtu huyo huyo anapiga magoti sebuleni kwake, miwani imegusa kioo, anamwambia mke wangu kwa sauti ya mapenzi, "Mama, angalia hizo ndevu. Angalia zilivyojaa. Huyo ni mzazi."

Mke wangu aliangalia. Aliona gogo.

Maana jambo lingine kuhusu pleko ni kwamba mchana hawaonekani. Mgeni wa Deputi alikalishwa mbele ya sanduku, akapewa chai, akaamriwa atazame. Wengi walitazama mpaka chai ikapoa. Mtu akithubutu kuuliza kama kweli mna kitu mle ndani, aliambiwa, "Wapo. Shida ni wewe, huna subira." Wazee wa kanisa walijifunza kusema, "Ooh, wamenawiri," kabla hata ya kuketi. Mmoja alisema hivyo siku ambayo sanduku lilikuwa limepelekwa nje kuoshwa, na Deputi hakuzungumza naye mpaka Krismasi.

Kitale ni baridi, na samaki hawa wanataka maji ya uvuguvugu na hewa ya kupulizwa. Vyote viwili vinategemea stima, na stima ya kwetu mnaijua. Ikipotea, Deputi alilifunika sanduku mablanketi, akazunguka mtaani kugonga milango akiita zamu. Ndiyo, zamu, kama ya walimu shuleni. Alikuwa na pampu ya baiskeli aliyoiunganisha na mrija, na kila jirani alipewa muda wake wa kupiga hewa. Pasta alipiga. Mimi nilipiga. Afisa mmoja wa kilimo aliyekuwa amepita tu kuuliza njia ya kwenda Ndalu alipiga mpaka shati likamshika mgongoni, na Deputi akamwambia anapiga kama mtu asiyeamini kazi yake. Cha ajabu hakuna aliyekataa. Sauti ile ikikuambia fanya, mikono inafanya, kisha akili inafuata nyuma ikilalamika.

Alikuwa na misemo yake. "Kelele ni njaa ya akili." "Mtu mzima ni mtoto aliyekosa kiranja." Na tangu apate samaki akaongeza mmoja ambao mwanzoni nilidhani ni wa utani: "Mama anaweza kuondoka. Baba hubaki pangoni."

Haukuwa utani. Pleko ndivyo walivyo. Dume huchagua pango, na Deputi alikuwa amemtengenezea la chungu kilichopasuka. Jike huingia, hutaga mayai ya rangi ya chungwa, huenda zake. Dume hubaki. Anayapepea kwa mapezi usiku na mchana, hali, hatoki, mpaka watoto watoke wenyewe. Akishtuliwa, akisikia kishindo, huweza kuyatupa mayai yote nje, na huo ndio mwisho wao.

Na Deputi alikuwa amebaki pangoni miaka mingi. Mkewe alikufa binti yao, Nyambura, akiwa darasa la tano. Nilihudhuria mazishi hayo na sijawahi kuona mengine kama yale. Deputi aliyaendesha kama asembli ya shule. Kila msemaji alikuwa na dakika zake, akizidisha kengele inalia. Ndugu za marehemu walipoanza kulia, alisimama mbele ya jeneza akasema, "Wenye kilio wakae nyuma, watasikizwa mwishoni." Mwishoni hakusikiza mtu. Alimshika Nyambura mkono, wakaenda nyumbani, akamsuka nywele mwenyewe Jumatatu asubuhi, vibaya sana, akampeleka shule. Hakuoa tena. Sijui kama alilia. Mimi nilimwonea huruma na nikamwogopa kwa wakati mmoja, na sikujua nimfikishie lipi.

Nyambura alikua, akawa muuguzi, akapata kazi Bungoma. Huko akakutana na Simiyu, fundi wa friji, ambaye ni mtoto wa binamu yangu. Kwa kuwa mimi ni Mbukusu mwenye duka Kitale na jirani wa mzee, mzigo wa ushenga ukaniangukia. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kuulizia siku ambayo watu wa Bungoma wangekuja kubisha hodi.

"Mwalimu, wanauliza kama wanaweza kuja Jumamosi."

"Jumamosi haiwezekani. Dume yuko pangoni."

"Na Jumamosi ile ingine?"

"Watoto watakuwa ndio wametotolewa. Watoto wachanga hawataki wageni."

"Basi mwezi ujao."

"Mwezi ujao jike atakuwa tayari tena. Wewe wa benchi la nyuma, hata bayolojia hukusikiza?"

Nikapiga simu Bungoma. Mama yake Simiyu akanisikiliza mpaka mwisho. "Ati samaki amezaa?" akauliza. "Si wamle, sisi tukuje?"

Ilikwenda hivyo msimu mzima wa mahindi. Tulipanda, tukapalilia, tukavuna, na dume alikuwa pangoni. Samaki wale walizaana kama waliolipwa. Deputi aligawa watoto wa samaki kwa daktari wa meno, kwa masista, kwa mwenye hoteli mmoja aliyedhani ni wa kukaanga. Na kila nilipofika na swali langu, alinionyesha pango kwa kidole.

Nyambura alinijia dukani siku moja, akakaa juu ya gunia la pumba. "Anko," akasema, "baba akisema hapana nitamwelewa. Lakini hasemi hapana. Anasema samaki."

"Si mnaweza tu kwenda? Siku hizi watu wanaenda."

"Siwezi kwenda bila yeye kuniachilia. Alinisuka nywele, Anko. Ulikuwa unaona vile zilikuwa zinakaa? Nilichekwa mpaka darasa la nane na sikumwambia." Akafuta macho kwa upande wa mkono. "Na Simiyu naye si jiwe. Wazee wake wanamwambia atafute kwingine. Hii ikipita, imepita."

Siku hiyo nilikasirika. Nilivuka ua nikamkuta Deputi amepiga magoti. Pango lilikuwa tupu, nikaliona kwa macho yangu. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Mwalimu, dume hayuko pangoni. Wageni wanakuja Jumamosi." Akalitazama pango. Akanitazama mimi. Nikaondoka upesi kabla hajapata jibu.

Alhamisi dume alikuwa pangoni, na mayai.

Mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, shangazi zake Nyambura walikuwa wameshafika, kwa hiyo Deputi hakuweza kuahirisha. Alitoa masharti. Kwa desturi ya kina Deputi, wageni wa posa husimamishwa getini na akina mama wanaoimba, na wageni hujibu kwa nyimbo mpaka wafunguliwe. Deputi alipiga marufuku nyimbo. Alipiga marufuku viatu ndani ya boma. Makochi yote yalitolewa nje, yakapangwa kwenye nyasi chini ya tenti, ili mtu asitembee sebuleni na kutikisa sakafu. Mapazia yalifungwa. Sanduku la samaki likafunikwa shuka jeupe, dume apate giza. Akina mama waliambiwa wamenye viazi kimya, na waliokuwa na la kusema waseme kwa mikono.

Mimi nilijua haya yote, na ningewaeleza wageni. Lakini nilikuwa nimewapokea mjini tu, na tulipofika nilibaki nyuma kuegesha gari, na wao hawakunisubiri.

Sasa jiweke mahali pao. Unatoka Bungoma na suti yako na nyimbo zako umezifanyia mazoezi. Unafika getini, hakuna anayeimba. Geti liko wazi. Ndani unaona tenti, makochi nje kwenye nyasi, wanawake wameketi chini bila viatu, wameinamisha vichwa, hakuna neno. Mtu yeyote wa kwetu anajua hayo ni nini. Na kwetu mtu akifika penye matanga haulizi. Hulia kwanza, huuliza baadaye; anayeanza kwa kuuliza ataonekana amekuja kupeleleza.

Shangazi yake Simiyu ndiye aliyetangulia. Ni mfanyabiashara wa vitunguu kule Cheptais, mwenye sauti ya kumwita mnunuzi aliye ng'ambo ya bonde. Aliweka mikono kichwani.

"Uuuwi! Papa wee! Tumecherewa!"

Msafara mzima ukapokea. Wanaume walivua kofia. Mama Simiyu akaanguka kwenye nyasi. Na wale akina mama wa viazi, walipoona wageni wanaingia wakilia, wakaamua kwamba wageni wamepata ajali njiani na kuna aliyekufa. Visu vikatupwa. Wakalia nao. Nilipofika getini na funguo za gari mkononi nilikuta pande mbili zinapeana pole, kila upande ukimlilia marehemu wa mwenzake, na marehemu hayupo. Nilisema, "Jamani, ngojeni," na mama mmoja akanikumbatia akaniambia nijikaze.

Shangazi hakukaa nje. Alikimbia ndani kumwona maiti. Akakuta chumba chenye giza, mapazia yamefungwa, na juu ya meza sanduku refu limefunikwa shuka jeupe. Angefikiri nini? Alijitupa juu yake kwa mwili mzima. Maji yakaruka mpaka ukutani. Shangazi akagusa kifua chake kilicholowa, akapiga ukunga mpya:

"Uwi! Hata balafu imeanza kuyeyuka!"

Deputi alitokea jikoni na mimi nikatokea mlangoni, tukafika pamoja. Shuka lilikuwa limeteleza. Tulimwona dume mchana kweupe, akizunguka kama kichaa, na mayai yakitoka pangoni moja moja, ya rangi ya chungwa, yakibingirika juu ya changarawe.

Nilijua linalokuja. Nilikaza hata shingo, kama zamani. Sauti ile ilikuwa imewahi kunyamazisha bweni zima usiku wa mgomo. Deputi alifungua mdomo. Akaufunga.

Shangazi aliinua uso. "Pore sana, Baba," akasema. "Ni nani ametuacha?"

Deputi alitazama mayai. Alitazama yule mwanamke mgeni, aliyelowa, ambaye alikuwa amelia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa na bila kengele. Nilidhani angesema samaki.

"Mama Nyambura," akasema.

Kisha akaketi sakafuni, na suti yake, kwenye maji, akalia. Alilia kwa sauti mbaya ya mtu asiye na mazoezi. Shangazi akamshika kichwa akaendelea naye, na kilio kikatoka nje kikarudi ndani, na Nyambura akaja mbio kutoka chumbani, hajamaliza kuvaa, akasimama mlangoni akimtazama baba yake. Akakaa kwenye maji upande wa pili.

Mzee wa msafara, baba mkubwa wa Simiyu, alinivuta sikio. "Huyo mama amekufa rini?"

"Nyambura akiwa darasa la tano," nikasema.

Mzee aliwaza. Nilitamani ardhi inimeze. Mshenga gani anayeleta watu kulia badala ya kuposa? Lakini mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. "Kilio si maziwa, bana," akasema. "Hakichachi." Akaenda akaketi nao.

Baada ya hapo posa haikuwa na kazi. Watu waliolia pamoja hawawezi kubishana kuhusu mbuzi. Tulikula viazi vilivyomenywa nusu, tukaimba nyimbo zote zilizokatazwa, na Nyambura alipoulizwa mbele ya wazee kama anawajua wageni hawa, alisema anawajua, na kwamba sasa na wao wanamjua mama yake. Deputi alimpa mkono Simiyu. Alisema, "Mchukue," halafu akatoka nje kwenda kuangalia majani ya zizini, ambako hapakuwa na mnyama wa kuyala.

Harusi ilifanyika Bungoma. Deputi alivaa tai, akakaa mbele, akawakemea wapiga picha. Nikasema yameisha.

Hayakuisha kabisa. Deputi alianza kuja dukani kwangu kila katikati ya wiki, akakaa kwenye benchi langu la wateja, akapiga simu kwa sauti ambayo Bungoma wangeisikia hata bila simu. "Nyambura! Dume hali. Ndiyo. Ndevu zimelegea. Upande wa kushoto. Hapana, siwezi kumleta huko, hawezi safari." Na Nyambura alikuwa akifika Jumamosi, akikaa mpaka jioni, akirudi. Wiki nyingine jicho la dume limeingia ndani. Wiki nyingine dume ana mawazo. Wateja wangu walianza kuniuliza habari za huyo mgonjwa. Mama mmoja wa kuku alimletea majani ya mwarobaini.

Mimi ni mtu wa dawa, na nilikuwa nimechoka kumsikia mnyama akiteseka. Jumamosi moja ya hivi karibuni nilifunga duka mapema, nikachukua chupa ya dawa ya samaki niliyoagiza mahsusi, nikavuka ua.

Deputi alikuwa kwenye kochi, anasoma gazeti la juzi. Nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Lilikuwa kavu. Halina maji, halina changarawe, halina gogo. Ndani yake kulikuwa na magazeti yamepangwa vizuri na pasi ya umeme, waya umezungushwa.

"Mwalimu," nikasema. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Kabla ya harusi." Hakuinua macho. "Hakuingia tena pangoni baada ya ile siku. Jike nilimpa masista."

"Na juzi dukani? Ndevu za kushoto?"

Alikunja gazeti mara mbili, akaliweka gotini. Niliona mikono yake imezeeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwogopa hata kidogo, na jambo hilo liliniuma.

"Wewe wa benchi la nyuma," akasema, "mtu akimpigia mtoto wake simu, aseme nini?"

Nilikuwa bado nimesimama na chupa yangu geti lilipogongwa, na Nyambura akaingia, amebeba mfuko wa karanga na tumbo lake la miezi kadhaa. Nilitaka kusimama mbele ya sanduku nimfichie Deputi aibu ile. Lakini alinipa mkono, "Shikamoo, Anko," akanipita. Alimsalimu baba yake. Kisha akainama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaweka uso kwenye kioo kikavu, akaitazama pasi kwa muda mrefu, jinsi muuguzi anavyomtazama mgonjwa.

"Leo ana nafuu, Baba," akasema.

Deputi alishtuka. "Kidogo tu," akasema haraka. "Bado ni mgonjwa."

"Naona," Nyambura akasema, akivua viatu. "Nitakuja tena Jumamosi."